Samaki Hana Bei

Yule sonara hakumtazama samaki hata kidogo. Alimtoa kwenye karatasi ya shashi niliyomfungia, akamweka juu ya mizani ndogo iliyokuwa kwenye kaunta, akasoma namba: gramu 7.3. Kisha akamkwaruza kwenye jiwe jeusi, akadondosha tindikali, akangoja kidogo, akasema karati 18. Akamgeuza na kupitisha ukucha kwenye mkia.

"Hapa pameumia," akasema.

"Ni wa zamani," nikamjibu. "Alikuwa wa nyanyangu. Ona hata magamba yake, yalichorwa moja moja."

"Dadangu," akaniambia, na hakusema kwa ubaya, "samaki hana bei. Dhahabu ndiyo iko na bei."

Nilitoka pale na shilingi 32,000 ndani ya soksi, nikavuka barabara kama mtu aliyeiba.

Kama umewahi kuwa na mgonjwa katika hospitali ya kulipia hapa Nairobi, hadithi unaijua. Mama alikuwa ameruhusiwa kutoka tangu Jumatatu, lakini kuruhusiwa na kutoka ni mambo mawili tofauti. Bili ilikuwa na salio, na kila siku aliyolala akisubiri salio lilipwe ilikuwa inaongeza salio. Tulichanga kwenye grupu ya familia hadi watu wakaanza kutoka kwenye grupu mmoja mmoja, kimyakimya, usiku. Alhamisi nikawa nimebakisha kitu kimoja tu cha kuuza, na hakikuwa changu. Mama alikivua shingoni siku aliyoingia chumba cha upasuaji, akanipa mkononi pamoja na kitambulisho chake. Alisema neno moja: "Niwekee."

Ijumaa tukamtoa. Akauliza kitambulisho, nikampa. Samaki hakumuulizia, na mimi sikumtaja.

*

Mimi huandika vitu vya watu wengine kwenye intaneti. Leo ni faida za chai ya tangawizi, kesho ni jinsi ya kuchagua godoro. Hulipwa kwa neno. Miezi mitano baada ya ile Alhamisi, nikapata kazi ya mteja wa mbali anayeuza mapambo: nakala za vidani vya kale vya Amerika ya Kati, vya shaba iliyopakwa dhahabu. Vyote ni wanyama. Chura, mamba, popo, kaa, ndege aliyetandaza mabawa, na jagwa, yule paka mkubwa anayefanana na chui wetu. Kila mnyama aandikiwe maneno 80, na mwishoni nieleze anamaanisha nini. Mteja alikuwa ameshanipa mfano: Chura, bahati. Ndege, uhuru. Jagwa, nguvu.

Kazi rahisi. Chura nilimmaliza kwa dakika kumi. Shida ni kwamba nilikosea nikaitazama picha.

Alikuwa chura kweli, lakini miguu yake ya nyuma ilikuwa bapa, imetandazwa kama miiko miwili ya kupakulia wali. Kutoka pembe za mdomo wake zilitoka nyoka mbili zilizojikunja, kama masharubu. Sasa hiyo ni bahati gani? Nani hutengeneza bahati halafu akaitia nyoka mdomoni? Nikafungua ukurasa mwingine, kisha mwingine. Saa nane ya usiku bando likaisha, nikanunua lingine kwa pesa ambazo kazi yenyewe haikuwa imelipa bado.

Vidani hivi vinatoka kwenye ule ukanda mwembamba unaounganisha Amerika mbili, hasa Panama na kusini mwa Costa Rica. Ufundi wa dhahabu uliingia huko kutoka upande wa Kolombia katika karne za mwanzo baada ya Kristo, na ukaendelea hadi Wahispania walipofika, yaani zaidi ya miaka 1,000. Fundi alianza na nta. Alifinyanga chura mzima kwa nta, macho, vidole, nyoka na yote, kisha akamfunika kwa udongo uliochanganywa na makaa, akiacha tundu. Udongo ulipochomwa, nta ikayeyuka ikatoka, na pale ilipokuwa nta pakabaki nafasi tupu yenye umbo la chura. Madini yaliyoyeyushwa yakamiminwa humo. Yalipopoa, kalibu ilivunjwa ili chura atoke. Kwa hiyo kila mmoja alikuwa peke yake. Ukitaka mwingine unaanza upya na nta.

Na yale madini, mara nyingi, hayakuwa dhahabu tupu. Ilikuwa dhahabu na shaba, mchanganyiko ambao wataalamu huuita tumbaga. Ukizichanganya kwa kipimo kizuri, zinayeyuka kwa joto la chini kuliko dhahabu peke yake au shaba peke yake, na zinatoka ngumu. Kisha fundi alichoma kipande na kukiosha kwa maji makali ya mimea ili shaba ya juu iondoke, tena na tena, hadi ngozi ya nje ikabaki ya dhahabu. Ndani mwekundu, nje jua. Nikamkumbuka sonara wangu na lile jiwe lake jeusi. Angewarudisha wengi wa vyura hawa mlangoni. Lakini waliowavaa hawakuwa wanauza gramu. Walichokitaka ni ule mng'ao, mtu akisimama asubuhi na jua likampiga kifuani, umwone kutoka mbali kabla hujamjua ni nani. Vyura wengine walikuwa na macho matupu ndani, yenye vipunje vidogo. Mwenye kuvaa akitembea, macho yanalia kama njuga.

Kidani kile hakikukaa kabatini. Kilitembea, kikalia, kikang'aa.

*

Kwa nini wanyama hawa na si wengine? Hili ndilo lililonikosesha usingizi, manake watu wale walikula kulungu na samaki kila siku, na kama dhahabu ni riziki, basi ungetarajia kuona chakula.

Mwanaanthropolojia wa Panama, Olga Linares, alilitazama swali hili katika utafiti aliouchapisha mwaka 1977. Alichukua wanyama waliochorwa kwenye vyungu na dhahabu za kaburini katika jimbo la Coclé, akawalinganisha na wale ambao watu walikuwa wanakula. Orodha hizo mbili hazikulingana. Waliochorwa zaidi ni wale wanaouma, wanaorarua, wenye sumu, wenye gamba, wenye kucha. Mamba. Nyoka. Papa. Kaa. Chura mwenye sumu. Wale laini, wanaokamatika na kuliwa, walikuwa wachache. Kwa maoni yake, ilikuwa lugha ya wakubwa na mashujaa waliokuwa wakishindana: mtu anajivika sifa za mnyama ambaye hakuna anayemchezea.

Mahali penyewe panaitwa Sitio Conte. Mwanzoni mwa karne ya 20 mto ulihama njia, ukakata ukingo, na vitu vya dhahabu vikaanza kuonekana kwenye udongo wa malisho ya ng'ombe. Chuo cha Harvard kilichimba huko katika miaka ya 1930. Mwaka 1940 akaja J. Alden Mason kutoka makumbusho ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Kaburi moja alilolifungua, lenye namba 11, lilikuwa na watu 23, wamelazwa kwa tabaka tatu. Katikati ya tabaka la kati alilala mkubwa wao, amefunikwa na mabamba ya dhahabu. Kwenye mabamba hayo yuko kiumbe anayesimama kwa miguu miwili kama mtu, lakini kichwa na meno na kucha ni za mamba.

Yaani hakuvaa kitu alichokipenda. Alivaa kitu ambacho kingeweza kumla.

Hapo nikafuta "Mamba, ulinzi" niliyokuwa nimeandika. Sikujua niandike nini badala yake. Nikaacha nafasi.

*

Nataka kuwa mkweli: kuna mengi kuhusu vidani hivi ambayo hayawezi kurudi tena. Si kwa sababu hayakuwahi kujulikana. Kulikuwa na watu walioyajua vizuri sana. Mtoto wa fundi aliyajua. Mwanamke aliyempita mkubwa njiani akasikia macho ya chura yakilia, aliyajua.

Mwaka 1502, katika safari yake ya nne, Christopher Columbus alipita pwani ile ya Karibea. Wenyeji walikuwa wamevaa shingoni sahani za dhahabu ambazo Wahispania waliziita vioo, na vidani vya ndege ambavyo waliviita tai. Jina hilo la tai limegandamana navyo mpaka leo, ingawa ukiwatazama baadhi yao vizuri unaona wanaweza kuwa tumbusi. Wahispania walitoa vikengele, wakapokea dhahabu. Nchi moja ya pwani ile ikaja kuitwa Costa Rica, Pwani Tajiri. Walioiita hivyo walikuwa wamehesabu kitu kimoja tu.

Dhahabu nyingi iliyochukuliwa katika miaka iliyofuata iliishia kwenye moto, ikawa mikuo, ikapimwa, ikasafirishwa. Na usidhani mambo hayo yaliisha na wale wenye mapanga na farasi. Mwaka 1859, wakati watu wengine duniani walikuwa wanasafiri kwa gari moshi, makaburi ya kale yalifukuliwa huko Bugaba, katika jimbo la Chiriquí, Panama. Habari zikaenea, watu wakaja na majembe. Wanyama wengi wa dhahabu wakatolewa, na wengi wakauzwa kwa uzito na kuyeyushwa.

Hata wale walionusurika moto walipoteza kitu. Mchimba makaburi hachukui kumbukumbu. Hasemi chura huyu alikuwa kifuani au miguuni, kwa mwanamke au mwanamume, peke yake au na popo wawili. Anamng'oa, anampangusa, anamuuza. Leo ukienda San José, mji mkuu wa Costa Rica, makumbusho ya dhahabu ya kale yako chini ya uwanja mmoja wa katikati ya jiji, na mwenye nayo ni Benki Kuu. Walianza kukusanya mwaka 1950, na ni vizuri walifanya hivyo, la sivyo nyingi zingeishia kwa matajiri wa nje. Lakini fikiria: wanyama walitolewa chini ya ardhi, wakarudishwa chini ya ardhi, safari hii bila mwenyewe.

Watu hawakuisha wote. Wabribri na Wacabécar bado wako katika milima ya Talamanca, na lugha zao ziko hai. Wanamsimulia Sibö, muumba, aliyewatoa watu kwenye punje za mahindi, na ambaye katika simulizi huweza kuja kwa umbo la ndege. Watafiti wanapotaka kuelewa ndege wa dhahabu aliyetandaza mabawa, huenda kuwasikiliza wao. Haimaanishi kila kidani kinapata jibu. Lakini pale mtu anaposimulia bado, kuna pa kuanzia.

Usiku ule ndipo nilipomfikiria samaki vizuri kwa mara ya kwanza tangu nimuuze. Nilijiuliza kama mtu angemkuta mahali akaniuliza anamaanisha nini, ningemwambia nini. Ningesema riziki. Samaki, pwani, riziki. Hata sikuwa na uhakika. Nilikuwa nimebuni tu, kama nilivyombunia chura bahati.

*

Kuna chura mwingine lazima nimtaje. Huyu ni wa nyama na damu. Kule Coclé, karibu na mji unaoitwa El Valle de Antón, kulikuwa na chura mdogo wa manjano mwenye madoa meusi, ngozi yake ina sumu. Wapanama humwita chura wa dhahabu. Makazi yake yalikuwa kando ya vijito vya mlimani ambako maji yanapiga kelele, sauti haifiki mbali, kwa hiyo chura huyu alikuwa na namna yake: akimwona mwenzake, hupunga mkono. Kweli kabisa, huinua mguu wa mbele na kupunga. Wenyeji walisema chura huyu akifa hugeuka dhahabu, na aliyemwona porini ana bahati.

Basi mteja wangu hakuwa amedanganya kabisa. Bahati ilikuwepo mahali fulani. Ila ilikuwa na mlima, na kijito, na mtu aliyetembea hadi huko.

Kisha ukaja ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi za vyura, ugonjwa ambao umemaliza vyura sehemu nyingi duniani. Tangu karibu mwaka 2009, chura wa dhahabu hajaonekana tena kwa uhakika porini. Waliobaki wanazalishwa kwenye vituo maalum. Panama imemtengea siku yake, tarehe 14 Agosti. Sura yake iko kwenye fulana na vinyago vya watalii. Wapungaji wenyewe wako ndani ya vioo.

*

Mwezi uliofuata nikaenda Likoni kwa harusi ya binamu yangu. Nilikuwa bado sijamaliza maelezo ya yule mamba.

Nilimkuta Mama jikoni amekaa juu ya mbuzi, anakuna nazi. Daktari alikuwa amemkataza kuinua vitu vizito, na yeye akaamua kwamba nazi si nzito. Tukaongea habari za safari, za Nairobi, za bei ya unga. Halafu, bila kuinua uso:

"Samaki wangu umekuja naye? Nataka nimvae Jumamosi."

Nilikuwa nimejitayarishia uongo tatu ndani ya treni. Yote ikanikimbia.

"Mama, nilimuuza."

Mkono haukusimama. Nazi ikaendelea kudondoka kwenye sinia.

"Kwa nani?"

"Kwa sonara, mjini. Ile wiki ya hospitali."

"Kwa ngapi?"

Nikamwambia. Akakuna kile kifuu hadi nikaona weusi unaanza kuingia kwenye nazi.

"Atakuwa ameshayeyushwa," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Ungeniuliza."

"Ulikuwa mgonjwa."

"Nilikuwa mgonjwa, sikuwa maiti. Mdomo nilikuwa nao."

Akainuka, akajipangusa, akaenda chumbani kuswali Alasiri. Hakutoka mpaka karibu na Magharibi. Mimi nikabaki na ile nazi, nikaichuja, nikapika wali, nikauunguza kidogo.

Usiku akaniita barazani. Nilidhani ananiita anigombeze, na ningeshukuru. Badala yake akaniuliza, "Wewe unajua yule samaki alikuwa wa nini?"

"Riziki?"

Akacheka. Si cheko la furaha. "Riziki! Nani kakwambia?"

Babu yangu, babake Mama, alikuwa mvuvi wa Vanga. Hilo nilikuwa nalijua. Nilijua pia kwamba alikufa kabla Mama hajazaliwa. Nililokuwa sijui ni kwamba alitoka siku moja wakati wa kusi, bahari imechafuka, na hakikurudi chombo wala mtu. Hakukuwa na maiti ya kuosha wala kaburi. Nyanya alikuwa na mimba ya miezi sita na vipuli viwili vizito alivyovalishwa siku ya harusi yake. Alipomaliza eda akapanda basi hadi Mombasa, akaingia kwa sonara mmoja Mji wa Kale, akavua vile vipuli, akamwambia avigeuze samaki.

"Watu walimshangaa," Mama akasema. "Wakamwambia, wewe mwanamke, samaki ndio waliokula mumeo, utamvaaje shingoni? Akawajibu: kama wao wako na wangu, na mimi nitakuwa na mmoja wao."

Nilinyamaza. Niliuona ule mwili wa Sitio Conte, mamba juu ya kifua.

"Hakumvua mpaka anakufa," Mama akaendelea. "Na pale mkiani, palipobonyea bonyea. Ulipaona?"

"Nilipaona." Sikumwambia nani mwingine alipaona.

"Ni meno yangu yale. Nilipoota meno nilikuwa silali. Akinipa mkia ning'ate."

Hapo ndipo nililia. Si kwa ajili ya dhahabu. Nililia kwa sababu nilikuwa nimekaa na yule samaki kwa siku kumi nzima katika keja yangu ya Kahawa West, nikimtazama kama gramu, na aliyekuwa na hadithi yake yote alikuwa kitandani, kilomita chache tu, mdomo anao.

"Nisamehe, Mama."

"Dhahabu huyeyushwa, mwanangu. Hata yeye aliyeyusha vipuli vya mumewe. Lakini yeye alijua anayeyusha nini."

Hakusema amenisamehe. Akaniambia nimletee chai.

*

Nilimaliza ile kazi. Maelezo ya chura niliyaandika upya. Niliandika miguu yake bapa, nyoka za mdomoni, macho yanayolia mtu akitembea. Niliandika kwamba wanyama waliochaguliwa wengi wao ni wa kuogopwa, na kwamba aliyewavaa alikuwa anasema jambo kuhusu nafsi yake. Pale pa maana nikaandika kwamba maana kamili walikuwa nayo waliomvaa. Mteja akajibu kwamba ni nzuri lakini ndefu, akakata yote, akaweka bahati. Alilipa. Siwezi kumlaumu sana. Sonara pia hakunifanyia ubaya. Wote wawili waliniambia bei ya walichokuwa wananunua.

Kilichonisumbua kabla, na bado kinanisumbua, ni jinsi nilivyokuwa nimeamini kwamba alama ni kama msimbo, kwamba ukimwona samaki unafungua orodha na kusoma: riziki. Nyanya yangu alitengeneza samaki kwa sababu ya mtu mmoja, bahari moja, na msimu mmoja wa kusi. Ungempa mtaalamu yeyote duniani yule samaki na darubini, asingefika hapo. Angehesabu magamba, angepima shaba, angeona mkia umebonyea na kuandika kwamba umeharibika. Njia ilikuwa moja tu: kumuuliza mwenyewe angali yupo.

Jumapili, baada ya harusi, nilimwomba Mama asimulie tena, nikaweka simu kati yetu. Ni dakika 22. Kuna kuku, kuna mwadhini, na katikati Mama anamfokea mtoto wa jirani. Alitaja jina la chombo cha babu, nilikuwa sijawahi kulisikia. Alitaja kwamba samaki alikuwa changu, si samaki wa hivi hivi, kwa sababu ndiye babu alipenda kuleta nyumbani. Nimemuuliza pia kuhusu bangili mbili alizobaki nazo. Moja haina hadithi yoyote, anasema, aliinunua kwa kiinua mgongo chake na anaipenda tu. Sawa. Hiyo nayo nimeiandika.

Lakini kabla ya hapo ilikuwa Jumamosi yenyewe. Mama alikwenda harusini shingo tupu, ametia manukato, amejifunga leso mpya. Ndani ya ukumbi wa wanawake shangazi mmoja akamshika kidevu, akamtazama kifua, akasema kwa sauti ya kusikika meza tatu, "We, na samaki wa marehemu yuko wapi leo?"

Mama hakujibu. Alinigeukia, akanyoosha kidole.

"Muulize huyu. Sasa yeye ndiye naye."

Meza nzima ikanitazama. Shangazi akavuta kiti karibu. Nikaweka sahani ya biriani chini, nikaanza na bahari.